Mafuta Yetu na Chupa Zisizo na Jina



Tangu msimu ulipomalizika haipiti wiki ofisi ya chama isiletewe chupa. Mmoja huja na chupa ya soda, mwingine na chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, na yuko aliyekuja na kidumu cha mafuta ya kupikia, na ndani yake wote wana kitu kimoja, nacho ni mafuta ya karafuu waliyoyakeneka wenyewe au waliyoyanunua kwa jirani. Ombi lao pia ni moja. Wataka chama kitie jina lake juu ya chupa hizo na kuziuza sokoni na bandarini kuwa ni dawa. Karatasi moja tuliyoletewa ili tuipige chapa ilihesabu maradhi kumi na saba, ikaanzia jino na kuishia kisukari na saratani, na chini yake ikaandikwa kwamba mtoto mdogo apewe kijiko kimoja cha chai asubuhi na kimoja jioni.

Karatasi ile hatukuipiga chapa. Yasemwa barazani kwamba ofisi yawaonea gere wenye mitambo na haitaki watu wapate riziki. Maneno hayo tumeyasikia, na kwa kuwa jambo lenyewe litafika mbele ya mkutano mkuu, twaona ni kheri kila mwanachama alijue kabla ya kunyoosha mkono.

Kwanza tuseme lile tunalokubaliana nalo, maana ni kubwa. Wazee wetu hawakupotea walipouita mkarafuu mti wa dawa. Hakuna nyumba kisiwani petu isiyojua kuweka karafuu juu ya jino linalouma, wala hakuna mkunga asiyejua kumkanda mzazi kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, wala bibi harusi asiyesuguliwa singo. Na jambo hili halikuanzia kwetu. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliitaja karafuu katika kitabu chake cha tiba, yaani miaka mia saba na zaidi kabla ya mche wa kwanza kupandwa Unguja.

Wataalamu wa siku hizi wameyachungua mafuta haya wakaona nguvu yake yatoka wapi. Sehemu iliyo kubwa, kwa kawaida 70 hadi 90 katika kila mia, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Yujenoli hufanya kazi mbili jinoni: huutia ganzi mshipa wa fahamu, na huua vijidudu. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakapata udongo wa kuzibia jino kwa muda, na udongo huo watumika hospitali mpaka leo. Mwaka 2006 madaktari wa Chuo Kikuu cha Kuwait waliandika khabari ya jaribio walilofanya kwa watu wazima 73. Wengine waliwapaka ndani ya mdomo ute wa karafuu zilizosagwa, wengine ute wa benzokaini, ambayo ndiyo ganzi ya hospitali, na wengine kitu kisicho na dawa ndani yake, kisha wakawachoma sindano mahali pale. Waliopakwa karafuu waliumia kidogo kuliko waliopakwa kitu kitupu, na haikuonekana tofauti baina yao na waliopakwa benzokaini. Basi bibi zetu walikuwa na haki, na mtu akiwacheka, mwonyesheni hayo.

Walakini karafuu ni kitu kimoja na mafuta yaliyokenekwa ni kitu kingine, na hapa ndipo wenzetu wengi wanapotatizika. Yatuhusu kuyafahamu hesabu yake, maana sisi ndio wenye mali.

Karafuu kavu kilo 100 hutoa kilo 15 hadi 20 za mafuta. Makonyo kilo 100 hutoa kilo 5 hadi 7, na majani hutoa 1 hadi 3. Kwa hivyo kijiko kimoja cha chai cha mafuta safi ni kama gramu 30 za karafuu kavu, na hizo ukizihesabu moja moja hazipungui 300. Twauliza, ni bibi gani aliyepata kumtafunisha mjukuu wake karafuu 300 asubuhi, kisha akamwongeza 300 nyingine jioni? Mzee asemaye kwamba tumeitumia karafuu tangu enzi na haikumdhuru mtu asema kweli, lakini alitumia karafuu mbili tatu katika birika, si kijiko cha roho yake.

Mwaka 1982 kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya la Dunia iliweka kiasi cha yujenoli ambacho mtu aweza kukila kila siku pasi na khofu, nacho ni miligramu 2 na nusu kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 60 haki yake ni miligramu 150, ambazo ni kama matone matatu ya mafuta. Mtoto wa kilo 10 haki yake ni miligramu 25, yaani nusu tone. Kijiko cha chai kile kilichoandikwa katika karatasi kina miligramu 4,000 au zaidi. Ni zaidi ya mara 150 ya haki ya mtoto yule, tena kwa mara moja.

Wala haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika khabari ya mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu kiasi cha mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili. Alizirai kabisa, sukari ikamshuka mwilini, damu ikawa haigandi, na ini lake likaharibika. Alipona kwa sababu alikuwa katika hospitali yenye vyombo vyote vya kuwahudumia wagonjwa mahututi usiku na mchana. Tufikirie mtoto huyo angekuwa katika kijiji cha pwani ya mashariki, usiku wa mvua, na gari hakuna.

Khatari nyingine ni kwa watu wazima wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, na wale wanaongojea kupasuliwa. Yujenoli nayo huipunguzia damu nguvu ya kuganda, na viwili hivyo havifai kukutana mwilini. Katika karatasi ile ya maradhi kumi na saba hatukuona hata neno moja juu ya hilo.

Ama kisukari na saratani, mambo yako hivi. Ukiyatia mafuta ya karafuu katika kisahani cha maabara chenye vijidudu, vijidudu hufa. Ukiyatia juu ya chembe za saratani zilizooteshwa katika kisahani, nyingi hufa pia. Lakini katika kisahani hata siki huua, na jiki huua zaidi. Kutoka katika kisahani mpaka kufika katika mwili wa mtu kuna safari ndefu, na katika safari hiyo dawa nyingi hukwama njiani. Karafuu kwa jino imekwisha kuvuka. Kwa saratani bado, na anayemwambia mgonjwa aache hospitali anywe mafuta yetu amwua kwa jina la shamba letu.

Wengi hawajui kwamba mkarafuu, mzambarau, mpera na mkaratusi ni watu wa ukoo mmoja katika hesabu ya wataalamu wa miti, na mzambarau khasa ni kama ndugu wa tumbo moja na mkarafuu. (Watoto wanaokula zambarau mpaka ulimi ukawa wa rangi ya wino hawajui kuwa wanakula kwa shangazi wa karafuu.) Katika ukoo huo huo uko mti mwingine, melaleuka, unaoota mashariki ya Australia. Wenyeji wa kabila la Bundjalung walikuwa wakitumia majani yake kwa vidonda tangu zamani. Katika miaka ya 1920 mkemia mmoja wa Sydney, Arthur Penfold, aliyakeneka majani hayo, akapima nguvu yake ya kuua vijidudu, akaona yaishinda asidi ya kaboliki iliyokuwa ikitumika hospitali nyakati zile. Mafuta yakapata jina. Kisha zikaja dawa za penisilini na wenzake, na watu wakayasahau.

Walioyafufua ni wakulima, na yafaa tuangalie walivyofanya. Hawakuandika maradhi kumi na saba. Walipanda mashamba, wakayapeleka mafuta maabara, wakashika jambo moja moja. Mwaka 1990 hospitali moja ya Sydney iliyajaribu kwa wagonjwa 124 wenye chunusi, ikaona yafanya kazi pole pole kuliko dawa ya kizungu ila huwasumbua watu kidogo. Mwaka 1996 ikatoka sheria ya vipimo ya kimataifa inayosema mafuta hayo lazima yawe na kitu gani ndani yake na kwa kiasi gani. Na chupa zake huandikwa kwamba si ya kunywa. Leo chupa ndogo ya mafuta ya melaleuka yauzwa katika maduka ya dawa dunia nzima, nasi ambao tuna mti wenye mafuta mazito zaidi twauza kwa gunia. Hilo ndilo linalotuuma, na hapo twawaunga mkono wenye mitambo bila ya kusita. Karafuu yatoka kwetu kwa magunia, na roho yake yaturudia kwa chupa kama kidole cha mtoto, imeandikwa jina la nchi ya watu.

Mwarobaini nao una mafunzo mawili. La kwanza ni la khofu: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika khabari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini kwa kikohozi na homa, yakawaingia ubongoni na katika ini. Mti ule ule unaotibu arobaini. La pili ni la haki. Mwaka 1994 kampuni ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo walipewa Ulaya hati ya kumiliki njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua kuvu wa mimea. Wahindi wakapinga, wakisema jambo hilo lajulikana kwao tangu zamani. Hati ikafutwa mwaka 2000, na rufani ikashindwa mwaka 2005. Walishinda kwa kuwa walileta ushahidi wa mtu aliyekwisha kulifanya jambo lenyewe na aliyeweza kueleza lini na vipi. Kusema tu kwamba babu zetu walijua hakutoshi mbele ya mahakama. Basi yatupasa kuandika. Wakunga na waganga wetu wa kisiwani, wakiridhia wenyewe, tuandike kwa majina yao na kwa tarehe ni jani gani hutumika, kwa nini, kwa kiasi gani, na ni lini hulikataza. Makatazo yao ndiyo yenye elimu kubwa, na ndiyo yanayosahauliwa upesi vijana wanapochukua chupa.

Sasa tufike kwenye majani, maana hapa hatutakuwa na upole. Tumeona mashamba mawili ambapo matawi yamekatwa mpaka mikarafuu imebaki kama vijiti vya mswaki, na majani yamekwenda mtamboni. Kisiwani Bukini, yaani Madagaska, jambo hili limefanywa kwa miaka mingi, na wao ni wauzaji wakubwa wa mafuta ya majani. Waliloliona ni kwamba mkarafuu unaokatwa majani kila mara hubaki mfupi, nguvu zake huishia katika kuchipua, na maua huwa machache au hayapo. Hesabu yenyewe ni ya kitoto. Majani kilo 100 ni kilo 1 hadi 3 za mafuta yenye bei ya chini, na mti ulioyatoa utakunyima karafuu msimu ujao, na labda msimu wa pili. Tena ziko kuni. Mtambo hula kuni mchana kutwa, na kuni za kisiwa hiki twazijua zatoka wapi. Tukimaliza mikoko kwa ajili ya kukeneka majani tutakuwa tumekula na bahari pia.

Makonyo hayana madhara hayo. Konyo limekwisha kutoka mtini pamoja na karafuu, na likisha kuchambuliwa na kuanikwa halina deni na mti. Kiwanda cha makonyo cha Wawi kilijengwa kwa kazi hiyo. Mafuta ya makonyo yana yujenoli nyingi, na kwa kazi ya jino hayapungukiwi na kitu. Mwenye kutaka dawa katika mkarafuu aitafute jamvini, asipande nayo ngazi.

Juu ya usafi wa mafuta twataka kutaja mambo machache ambayo kila mtu aweza kuyaona nyumbani. Mafuta safi ya karafuu ni mazito kuliko maji: tone ukilidondosha katika glasi ya maji huzama. Likielea juu, limetiwa mafuta ya nazi au taa au kitu kingine. Tone likiwekwa juu ya karatasi nyeupe na kuachwa siku moja mbili, mafuta safi huruka yakaacha alama hafifu, na yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa la ukungu kama karatasi ya maandazi. Yakigusana na chuma hugeuka meusi, ndiyo maana mafuta yaliyokenekwa katika pipa kuukuu yana rangi ya wino. Na plastiki nyingi hulainika yakikaa ndani yake, kwa hivyo chupa ya soda si mahali pake hata kidogo, mbali na kwamba mtoto akiiona hudhani ni soda. Chupa ya kioo cheusi yenye kifuniko kigumu ndiyo inayofaa.

Majaribio haya hata hivyo hayatoshi kwa dawa. Hayawezi kukuambia kama mafuta ni ya karafuu, ya makonyo au ya majani, nayo yana vipimo vitatu mbalimbali katika sheria za kimataifa na bei tatu sokoni. Hilo huonekana kwa mashine tu, na kwa jambo hilo maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Unguja. Kadhalika kitu kikisha kuitwa dawa kimeingia katika sheria, na Wakala wa Chakula na Dawa hauna budi kukijua kabla ya mnunuzi.

Rai ya ofisi yetu tutakayoileta mkutanoni ni kwamba chama kisiweke jina lake juu ya chupa ya mtu yeyote kwa sasa, na badala yake kitoe fedha za kupeleka vielelezo kumi na viwili vya mafuta ya makonyo kupimwa, kutoka kila tawi kimoja. Yakionekana mazuri, chama kitengeneze vitu viwili tu. Kimoja ni chupa ndogo ya jino, yenye maelezo kwamba hutiwa tone moja katika pamba na kuwekwa ndani ya tundu la jino, yasiguse ufizi kwani huuchoma, na kwamba maumivu yakipoa jino bado limeoza na daktari bado angojea. Cha pili ni mafuta ya kuchulia viungo. Katika hayo kiasi kinachoshauriwa na wajuzi wa mafuta ya kunukia ni nusu katika mia, yaani kijiko kimoja cha chai katika lita nzima ya mafuta ya nazi. Kijiko kile kile ambacho karatasi ilitaka kumpa mtoto chatosha viungo vya wazee wa mtaa mzima. Juu ya chupa zote mbili iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: SI YA KUNYWA, WEKA MBALI NA WATOTO. Pia jina la tawi, mwezi wa kukenekwa, na namba ya kipimo.

Najua, atasema mtu, lakini faida yake ni ndogo kuliko ya maradhi kumi na saba. Ni kweli, kwa mwaka wa kwanza. Mtalii akinunua chupa ya saratani hanunui ya pili, na mtoto mmoja akifikishwa hospitali kwa chupa yenye jina la kisiwa hiki, khabari itafika kwa wanunuzi wa karafuu kabla ya meli yetu. Biashara ambayo imetulea tangu dhoruba ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, haifai kuwekwa rehani kwa kijiko cha chai.

Wanachama wenye mitambo ya makonyo waandikishe majina yao kwa makatibu wa matawi kabla ya mkutano. Kila mmoja alete mililita 50 katika chupa ya kioo iliyo kavu, na kikaratasi chenye jina lake, aina ya pipa alilotumia, na siku aliyokeneka. Chupa za plastiki hazitapokewa. Na wale ambao karatasi zao bado ziko ofisini waje wazichukue, au waturuhusu tuwasaidie kuziandika upya.